Njuga Zimefungwa Pamba

Arusha,
mvua zikikaribia kuisha

Baba yangu,

Shikamoo. Na mwangaluka pia, ingawa hiyo ni ya asubuhi na sijui utaisoma barua hii saa ngapi, kwa sababu najua ukiamkiwa kwa Kiswahili peke yake huwa unauliza kama mtoto amesahau kwao. Magoti yanaendeleaje? Mama aliniambia umeanza kushuka kwenye mpunga na fimbo, ila ukikaribia watu unaificha kwenye majani ya jaruba halafu unasahau ulikoiweka. Nilicheka sana. Nunua nyingine, uziache kila pembe ya shamba. Na ng'ombe je, yule mwekundu mwenye pembe moja bado anawafukuza wageni? Bibi anakula vizuri?

Mimi mzima wa mwili. Chumba ni kile kile, kazi ni ile ile, na baridi imeanza ile ya kuoga kwa kujipa moyo. Mchele wa huku hauna harufu kabisa. Nikipika, jirani hajui kama nimepika. Huko Majimoto mtu akibandika wali, watu wa njia nzima wanakumbuka kwamba walikuwa na jambo la kuja kumwambia.

Baba, sikukupigia simu kwa sababu kwenye simu nimeshakudanganya, na najijua, nikisikia sauti yako nitadanganya tena. Nimeona bora karatasi. Ukikasirika, uikasirikie karatasi kwanza, mimi nifuate.

Jambo lenyewe ni hili. Njuga zako haziko sandukuni. Ziko huku kwangu. Ukilivuta lile sanduku la bati chini ya kitanda na kulifungua, utaikuta kaniki ile ile, imefungwa kwa fundo lile lile, na ndani yake kuna magunzi ya mahindi. Mama aliyaweka ili kifurushi kisinywee. Tafadhali usimgombeze. Alikataa mara ya kwanza na ya pili. Mimi ndiye niliyemlilia kwenye simu mpaka akachoka, na wewe unajua mama akichoshwa na kilio cha mtoto anatoa chochote.

Nianzie mwanzo ili unielewe, ingawa kueleweka hakutanisafisha.

Unajua kazi yangu kwa kifupi tu, usonara, na kwamba yule tajiri yangu anaitwa Mama Rehema, mtu wa Tanga, mwenye karakana. Hatutengenezi vitu vya sokoni. Wateja wake ni watu wanaoagiza kitu kimoja na kukisubiri kwa miezi. Mvua zilipoanza alikuja mama mmoja mwenye kikundi chake cha ngoma na maigizo. Alitaka mapambo ya dhahabu yatakayovaliwa siku ya onyesho lao kubwa, na kila pambo liwe limetokana na ngoma: hereni zenye umbo la marimba, bangili iliyosukwa kama nyuzi za zeze, na juu ya yote kidani cha njuga, njuga ndogo ndogo za dhahabu zikizunguka shingo.

Mama Rehema akachora. Alitazama picha kwenye simu, akachora, akatuonyesha. Baba, alichora kengele ya mbuzi. Nilicheka mbele ya watu wote pale mezani. Nikamwambia, "Mama, hiyo ni ya kumfunga mbuzi asipotee. Ukimfunga manju hiyo, watu wataleta majani."

Akaniuliza, "Wewe wazijua njuga?"

Nikasema, "Baba yangu ni manju. Anaongoza ngoma yake mwenyewe, anatunga na kuimba. Mimi nimezaliwa ndani ya njuga."

Nilisema hivyo kwa sauti, na kidevu nimekiinua. Nakuandikia maneno yale kama yalivyotoka kwa sababu ndiyo yanayonichoma kila nikiyakumbuka.

Akasema, "Basi zilete tuzione."

Ningeweza kusema hazitembei. Ningeweza kusema zimelala. Kila mtoto wa kwetu anajua kwamba mvua ya kwanza ikinyesha njuga zinapakwa samli, zinafungwa, zinaingia sandukuni, na hazitoki mpaka mpunga uwe kwenye magunia, na anayezitoa ni wewe. Sisi tulikuwa hatugusi hata lile sanduku. Tukifagia tulikuwa tunafagia kulizunguka. Lakini kichwa changu kilienda kwingine. Nilifikiri, kama hafungui mpaka mavuno, hatajua. Desturi yako, baba, ndiyo niliyoitumia kukuibia.

Mama alizifunga akazitia katikati ya ndoo ya mchele, akazipeleka Makanyagio kwa mjomba dukani, na mjomba akaikabidhi ndoo kwenye basi. Mjomba hakujua amebeba nini. Yeye alifikiri ni mchele, na mpaka leo ananiuliza kama ulikuwa mtamu.

Zilipofika nilifunga mlango wa chumba changu nikazimwaga kitandani. Chumba kizima kikanukia samli, moshi, jasho na lile vumbi la uwanja wa mnadani. Nilikaa nazo mapajani kama nimepakata mtoto. Halafu nikaanza kuzitazama kwa macho ya kazi, na hapo nilishangaa, kwa sababu tangu utotoni sikuwahi kuziona karibu namna ile. Hakuna mbili zinazofanana. Mhunzi aliyezifua alizipasua mdomo kwa kukadiria tu, nyingine mwembamba, nyingine mpana, na kigololo cha ndani kila moja ina chake. Nilichonga nta ya kutolea umbo la dhahabu nikizifuata moja moja, na upungufu wake wote. Nilifanya kazi nzuri, baba. Sitajishusha kwa hilo. Mama Rehema mwenyewe, ambaye hasifii mtu, alizigeuza geuza mkononi akasema, "Hizi sasa ni njuga."

Ila hizo za dhahabu hazilii. Dhahabu ni laini mno. Nilitia vigololo vya fedha ndani, nikatikisa, ikatoka sauti kama mtu anayekuna meza kwa kucha. Mteja akaja kuangalia, akafurahia sura, akauliza sauti yake ya kweli ikoje. Mama Rehema akanitazama.

Nilizifunga zako miguuni. Katikati ya masika, baba, kwenye sakafu ya saruji, nikiwa na aproni. Mteja akanyanyua simu yake akanipiga video. Nikakanyaga. Nilikanyaga ule mwanzo wako, ule wa kuingia uwanjani, na zilipolia mle ndani watu wa ofisi ya jirani walikuja kuchungulia dirishani. Walipiga makofi. Nami nilifurahi. Nisingetaka ufikiri nililazimishwa, au kwamba moyo ulikuwa unaniuma. Nilifurahi sana.

Nilipozifungua mteja aliokota moja, akaipapasa, kisha akatazama vidole vyake. Vilikuwa vyeusi. Alikuwa amevaa nguo nyeupe. Akasema, "Mbona chafu hivi?"

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anacheka, anatafuta karatasi ya kujifutia. Lakini mimi niliwaka uso mzima. Niliona haya, baba, niliona haya kwa ajili ya njuga zako. Ningemwambia, hiyo ni samli, inapakwa na baba yangu kwa mkono wake kila mwaka, ina umri kutuzidi mimi na wewe. Maneno hayo yalikuwepo mdomoni. Nilichosema ni, "Samahani, zitasafishwa."

Na nikazisafisha.

Walipoondoka nilianza na maji ya moto na sabuni, na burashi ndogo tunayosugulia pete. Maji yakatoka meusi, nikamwaga, nikatia magadi, nikasugua tena. Nilipomaliza weusi ikabaki kutu. Sasa sisi tuna tindikali. Pete ikitoka kwenye moto inakuwa imeungua, tunaitumbukiza humo, inatoka safi. Na kitu cha kwanza anachofundishwa sonara, kabla hajashika hata tupa, ni kwamba chuma hakiingii kwenye tindikali ya kazi, kwa sababu kikiingia, kila pambo lililomo linageuka jekundu. Nilikumbuka hilo vizuri kabisa. Kwa hiyo sikuzitia kwenye chombo cha kazi. Nilichukua bakuli, nikamimina ile tindikali kuukuu iliyokuwa inangoja kumwagwa, iliyogeuka bluu kwa sababu ya shaba yote iliyowahi kupita humo. Nilijiona mwerevu. Nililinda dhahabu ya watu, nikasahau kulinda chuma chako.

Nikaenda kunywa chai.

Niliporudi njuga zako zilikuwa nyekundu. Shaba yote iliyokuwa kwenye maji yale ilikuwa imezivaa, nje na ndani, nyekundu kama sarafu mpya. Nilizitoa kwa mikono mitupu nikaungua, sikujali. Nilizisuuza, nikazisugua kwa msasa, nikazipitishia tupa pale shaba ilipong'ang'ania. Halafu kwa kuwa ziling'aa kama vijiko, nikazichoma moto na kuzitumbukiza kwenye mafuta ili zirudie weusi. Zimekuwa nyeusi. Mtu asiyezijua ataona ni zile zile. Ila ni weusi wa moto wangu wa dakika chache, na ule wako nimeumwaga kwenye sinki. Na ndani, ambako tupa haifiki, wekundu bado upo. Ukichungulia kwenye mdomo wa njuga utauona.

Hilo si kubwa kuliko yote. Kubwa ni hili.

Baada ya kuzikausha nilitikisa moja. Ililia. Nikatikisa ya pili. Ikalia nayo. Nikakaa nikisikiliza, nikagundua kwamba sijui. Sijui kama ile ndiyo sauti yake au siyo. Mimi niliyezaliwa ndani ya njuga! Nilijaribu kukumbuka, nikakumbuka miguu yako, na vumbi, na watu wanavyopiga vigelegele, na yule mzee wa ngoma pinzani akijifanya hatazami. Sauti yenyewe sikuipata.

Mama angejua. Nilikumbuka jinsi ulivyokuwa unarudi kutoka kwenye mashindano kwa miguu, njuga umezijaza majani makavu ndani zisilie njiani, kwa sababu ulisema njuga inayolia njiani inaita watu bure. Ukifika kwenye kile kichuguu kikubwa, pale njia inapokatia nyumbani, ulikuwa unayatoa majani. Sisi jikoni tulikuwa hatusikii kitu, tunagombania moto, na mama anaacha kuongea ghafla, anachukua sufuria, anabandika maji ya ugali. Siku moja alipita mchezaji mwingine na njuga zake, tukapiga kelele kwamba baba amefika. Mama hakuinuka. Akasema, "Huyo siye." Na kweli ulikuja baadaye sana.

Nimezijaza pamba. Zote, moja moja, kama ulivyokuwa unazijaza majani. Sijazitikisa tena tangu siku ile.

Onyesho lilipita. Lilifanyika mchana kwenye bustani ya hoteli. Binti mmoja mrefu alipita na kidani shingoni, dhahabu ikiwaka juani, watu wakanyanyua simu zao. Nyuma yake wachezaji walikuwa wamefunga njuga za bati za dukani, zinalia zote sawasawa. Mshereheshaji akauliza fundi yuko wapi, Mama Rehema akanisukuma mbele. Mshereheshaji akaniuliza umbo lile nimelitoa wapi. Ilikuwa nafasi ya kulitaja jina lako kwenye kipaza sauti, mbele ya watu wenye vyeo. Nikasema, "Ni njuga za kwetu." Basi. Sikukutaja. Nilikuwa nawaza zile nyingine zilizoko chumbani chini ya mto, na nikahisi nikilitaja jina lako utasikia huko uliko. Picha yangu na kidani ipo ukutani pale karakanani. Nikipita pale natazama chini.

Na wakati wote huo ulikuwa unanipigia. Unakumbuka? Unaulizia afya, unaulizia baridi, halafu unasema, "Siku hizi mnatengeneza nini huko?" Nasema pete za harusi. Unasema, "Pete tu?" Nasema pete tu, baba. Unasema, "Haya, Mungu akusaidie." Nilifikiri umeanza kuipenda kazi yangu. Ulipoiambia familia kwamba huu ndio msimu wako wa mwisho kuongoza, kwamba baada ya huu utamkabidhi kaka Masanja, uliniambia mimi pia, na ukasema, "Njoo unione nikicheza." Nikakujibu kwamba nitaomba ruhusa. Nilikata simu nikaongeza blanketi juu ya ule mto.

*

Baba, hapo juu niliishia jana. Leo asubuhi nilimpigia mama kumwonya kwamba barua inakuja, ili asishtuke ukiifungua mbele yake. Nikamwambia ajiandae, nitabeba lawama yote mimi.

Akaniuliza, "Barua ya nini wewe? Baba yako si anajua."

Nikamuuliza anajua tangu lini.

"Tangu zile mvua kubwa bati lilipovuja. Alivuta lile sanduku mwenyewe lisiloe. Akaliinua kwa mkono mmoja, likaja jepesi."

"Akasemaje?"

"Alifungua, akayatazama magunzi. Akasema, haya si tungewashia moto. Akafunga tena, akarudisha."

Baba, nilikaa chini barabarani pale pale nilipokuwa. Mama akaendelea kusema kwamba alikueleza yote siku hiyo hiyo, na akataka kunipigia nizirudishe, wewe ukamkataza. Ulimwambia, "Nyie mwacheni. Nitamuuliza mwenyewe, atasema." Na kwamba kila ulipomaliza kuongea na mimi ulikuwa unaweka simu mezani unamwambia, "Leo bado."

Leo bado. Ni mara ngapi, baba? Nimejaribu kurudisha zile simu zote kichwani, moja baada ya nyingine. Pete tu? Pete tu. Ulikuwa unanifungulia mlango, unasimama pembeni nipite, na mimi naufunga kwa adabu. Nilikuwa nafikiri nakudanganya, kumbe wewe ndiye uliyekuwa unanisitiri. Nisingeandika, ungeendelea kuuliza mpaka siku ya kucheza ifike, na siku hiyo ungeinuka uende uwanjani na miguu mitupu, kuliko kunitaja. Nakujua. Ungesema zimepotea.

Nilitaka kuichana barua hii, kwa kuwa nusu yake unaijua. Lakini nusu ya tindikali huijui, hata mama sijamwambia. Kwa hiyo naiacha ilivyo, na yale niliyokuambia juu kuhusu kumtetea mama yabaki, ingawa sasa yananifanya nionekane mjinga. Ndivyo nilivyokuwa.

Mteja ametaka kununua zile za kwako, aziweke kwenye kabati la kioo pale kwenye kikundi chao. Nilimwambia zina mwenyewe. Hilo angalau nililisema bila kusita.

Mama Rehema nimemweleza kila kitu leo mchana. Nilifikiri atanifukuza kwa ajili ya tindikali. Alinisikiliza, akavua miwani, akasema, "Mwanangu, mimi ndiye niliyekwambia uzilete, nisikuulize kama mwenyewe ameridhia." Kisha akanipa ruhusa mpaka nitakapomaliza. Hakusema nimalize nini.

Nisalimie bibi, mwambie ugoro wake nitakuja nao, na asinisengenye kabla sijafika. Nisalimie kaka Masanja na mkewe, na yule mtoto wao mpya ambaye sijamwona. Shangazi aliyeko Ugalla kwenye mizinga, akija kuleta asali, mwambie namkumbuka. Jirani yetu Mama Esperansi, yule aliyekuja kutoka makazi ya Warundi akawa ndugu, mwambie dawa yake ya kikohozi ilinisaidia. Mjomba wa Makanyagio nitamsalimia mwenyewe nikipita, na nitamwambia ukweli kuhusu ndoo ya mchele.

Sasa ombi langu, na ukilikataa sitanung'unika.

Barua hii naituma kwa basi itangulie. Njuga sizitumi. Nitazileta mimi, mkononi, mpunga wote ukishaingia kwenye magunia. Mama ataniambia, na nikifika Makanyagio nitakupigia wewe peke yako. Nitashuka kwenye bodaboda mapema, nitembee, na nitakusubiri kwenye kile kichuguu. Njoo bila kumwambia mama kwamba ni siku hiyo. Njoo na fimbo, hakuna mtu wa kumficha. Uzipokee pale, uchungulie ndani uuone wekundu, useme utakalosema. Halafu kama utakubali, uzifunge miguuni, utoe pamba wewe mwenyewe, na utembee nazo taratibu mpaka nyumbani.

Mimi nitatangulia. Nitaingia jikoni, nimwamkie mama, nikae kwenye kigoda changu karibu na mafiga. Usimwonye chochote, maana mama ana huruma, anaweza kubandika maji kwa ajili yangu tu. Sitamwambia unakuja. Nitamwuliza habari za mpunga, nimwache aongee. Na tukisikia kitu kutoka upande wa kichuguu, sitainua kichwa kutazama njia.

Nitautazama mkono wake, kama utaenda kwenye sufuria.

Ni mimi mwanao,

Mbuke